Pengwini wa Galápagos: Ndege mdogo aliyezoea jua la ikweta

PENGWINI anapotajwa, wengi hupata taswira ya nyanda za barafu zisizo na mwisho, pepo kali za Antaktika na ndege waliosongamana wakikingana baridi.

Taswira hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Kati ya spishi takriban 18 za pengwini zinazotambuliwa na wataalamu, ni chache mno zinazoishi barafuni maisha yao yote. Nyingine zimetapakaa katika pwani za Afrika Kusini, Namibia, Australia, New Zealand, Chile, Peru na Argentina.

Na kuna mmoja asiyejua theluji kabisa. Huyu ni pengwini wa Galápagos, ndege mdogo ambaye makao yake ni miamba myeusi ya volkano iliyo kwenye mstari wa ikweta, mahali ambapo jua la adhuhuri huweza kuyapasha moto mawe hadi yakapita nyuzijoto 40.

Wanasayansi humwita Spheniscus mendiculus, jina alilopewa mwaka wa 1871 na mtaalamu wa wanyama kutoka Uswidi, Carl Sundevall. Neno la pili katika jina hilo ni la Kilatini na maana yake ni ombaomba mdogo.

Huyu ndiye pengwini pekee anayezaana kwenye eneo la ikweta, na ndiye wa pekee ambaye baadhi yake huishi katika nusu ya kaskazini ya dunia. Vilevile ni miongoni mwa pengwini wanaokabiliwa na hatari kubwa ya kutoweka.

Makao yake

Visiwa vya Galápagos viko katika Bahari ya Pasifiki, umbali wa kilomita zipatazo 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekuador, nchi inayovimiliki. Ni visiwa vilivyochomoza kutoka chini ya bahari kutokana na milipuko ya volkano, na baadhi ya volkano hizo hulipuka hadi leo.

Mstari wa ikweta unaopita karibu na miji ya Nanyuki na Maseno nchini Kenya ndio huo huo unaokata ncha ya kaskazini ya Isabela, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Galápagos. Pengwini wanaovua samaki upande wa juu wa mstari huo ndio wanaoifanya spishi hii kuwa na wakazi katika nusu ya kaskazini ya dunia.

Takriban asilimia 90 ya pengwini hawa huishi katika pwani ya magharibi ya Isabela na katika kisiwa jirani cha Fernandina. Wachache waliosalia hupatikana katika visiwa vya Santiago, Bartolomé, Floreana na pwani ya kaskazini ya Santa Cruz.

Hawahamihami. Wapo pengwini wengine ambao husafiri maelfu ya kilomita kila mwaka kufuata chakula, lakini huyu wa Galápagos huzaliwa, huvua, huzaa na kufa katika maji yale yale. Chakula kikikosekana karibu na nyumbani, hana kwa kukimbilia.

Umbo na sura

Pengwini huyu ana urefu wa karibu sentimita 50 na uzani wa kilo mbili hadi mbili na nusu, yaani uzani wa jogoo aliyenona. Dume ni mkubwa kidogo kuliko jike.

Mgongo wake ni mweusi na tumbo ni jeupe. Kichwa ni cheusi, nao mstari mwembamba mweupe huanzia nyuma ya jicho, ukazunguka shavu na kukutana na mwenzake chini ya kidevu. Kifuani ana mikanda miwili myeusi, na ule wa chini huteremka mbavuni hadi karibu na miguu.

Yeye ni wa jamii moja na pengwini wengine watatu wanaopenda maeneo yasiyo na baridi kali: pengwini wa Afrika, pengwini wa Humboldt anayeishi Peru na Chile, na pengwini wa Magellan anayepatikana Argentina, Chile na visiwa vya Falkland. Kati ya hao wanne, wa Galápagos ndiye mdogo kuliko wote. Aliye karibu naye zaidi kwa nasaba ni yule wa Humboldt.

Wanne hao hulia kwa sauti inayofanana na ya punda, na mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza huenda asiamini kwamba imetoka katika kifua cha ndege.

Udogo wa mwili wake si jambo la bahati nasibu. Chai iliyo katika kikombe kidogo hupoa upesi kuliko ile iliyo katika sufuria kubwa, na kanuni hiyo hiyo hutawala miili ya wanyama. Pengwini mkubwa kuliko wote, anayeishi Antaktika, ana urefu unaozidi mita moja na anaweza kufikia kilo 40. Mwili mkubwa kiasi hicho huhifadhi joto. Mwili mdogo wa pengwini wa Galápagos hulitoa joto haraka, na hilo ndilo analolihitaji ndege anayeishi chini ya jua la utosi.

Siri ya mkondo wa chini

Swali linalowajia wengi ni hili: ndege wa jamii ya wanaopenda baridi alifikaje ikweta, na anaishije huko?

Jibu limo baharini. Mkondo wa Humboldt hutoka kusini ukiambaa pwani ya Amerika Kusini, nao huleta maji baridi hadi karibu na visiwa hivyo. Inaaminika kwamba mababu wa pengwini hawa waliufuata mkondo huo hadi wakatua Galápagos.

Hata hivyo, anayewaweka hai leo ni mkondo mwingine, usioonekana kwa macho. Huo ni mkondo wa Cromwell, uliopewa jina la Townsend Cromwell, mtafiti wa Marekani aliyeugundua mwaka wa 1952. Mkondo huu hutiririka chini ya uso wa bahari, kutoka magharibi kuelekea mashariki, ukifuata mstari wa ikweta.

Unapoigonga miteremko ya Fernandina na Isabela, maji yake baridi hulazimika kupanda juu. Maji hayo hubeba rutuba kutoka vilindini. Rutuba hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea hulisha viumbe vidogo, viumbe hulisha samaki, na samaki huwalisha pengwini.

Ndiyo sababu takriban pengwini wote wamejibanza upande wa magharibi wa visiwa. Si kwamba fuo za mashariki hazina nafasi, bali maji ya huko yana joto zaidi na samaki wachache. Ramani ya pengwini, kwa hakika, ni ramani ya maji baridi.

Chakula chao ni samaki wadogo wanaotembea kwa makundi kama vile sadini na dagaa, pamoja na makinda ya mkizi. Huvua mchana, karibu na ufuo, na mara nyingi hawazami sana.

Mara nyingi huvua kwa ushirikiano. Huwazingira samaki na kuwasukuma kutoka chini kuelekea juu. Hapo wari na ndege wengine wa baharini, ambao hawawezi kupiga mbizi kama pengwini, hupata karamu wasiyoigharimia.

Mbinu za kukabili jua

Mchana, pengwini wa Galápagos ana matatizo mawili yanayopingana. Akiwa majini, huhitaji manyoya mazito ya kumkinga dhidi ya baridi ya mkondo. Akiwa nchi kavu, manyoya hayo hayo humgeukia kuwa blanketi wakati wa kiangazi.

Dawa ya kwanza ni maji yenyewe. Pengwini asiyelea mayai wala makinda hushinda baharini mchana na kurejea nchi kavu jua linapopungua makali.

Dawa ya pili ni mabawa. Akiwa mwambani, huyanyoosha mabawa na kuyaweka mbali na mwili ili upepo upite chini yake na kuondoa joto. Wakati mwingine huinama mbele kidogo, mabawa yakiwa yameachama, ili kivuli chake kianguke juu ya miguu isije ikaunguzwa na jua.

Dawa ya tatu ni kuhema. Hupanua mdomo na kupumua haraka haraka kama afanyavyo mbwa, na unyevu unaotoka mdomoni na kooni huchukua joto la mwili. Aidha, uso wake una sehemu zisizo na manyoya ambazo joto hupitia kwa urahisi.

Dawa ya nne, na muhimu kuliko zote wakati wa kuzaa, ni kivuli. Yai lililoachwa juu ya mwamba wenye moto halina maisha. Kwa hivyo pengwini hawa hutaga katika nyufa, mapango madogo na mashimo yaliyoachwa na uji wa volkano ulipoganda, kwa kawaida hatua chache kutoka majini.

Ndoa na malezi

Dume na jike wakishapatana, mara nyingi hubaki pamoja kwa miaka. Hupapasana kwa midomo, huchanuana manyoya na kupigana vibawa kama ishara ya mapenzi.

Tofauti na ndege wa maeneo yenye misimu dhahiri, hawana mwezi maalumu wa kuzaa. Kalenda yao ni bahari. Maji yakipoa na samaki wakapatikana kwa wingi, hutaga, iwe ni Januari au Agosti. Maji yakipata joto linalozidi takriban nyuzijoto 24 au 25, huacha. Katika mwaka wa neema wanaweza kutaga zaidi ya mara moja, na katika mwaka wa dhiki wasitage kabisa.

Jike hutaga mayai mawili. Wazazi huatamia kwa zamu kwa siku 38 hadi 42, mmoja akikaa kiotani na mwenzake akienda kuvua. Makinda yakianguliwa, mzazi mmoja huendelea kuyakinga dhidi ya jua na maadui kwa takriban mwezi mmoja, na baada ya hapo wazazi wote wawili huweza kwenda kutafuta chakula. Makinda huondoka kiotani yakiwa na umri wa miezi miwili hivi.

Mara nyingi ni kinda moja tu linalofaulu kukua. Chakula kikipungua, lililoanguliwa kwanza na lenye nguvu zaidi ndilo hufika mdomoni mwa mzazi, na mwenzake hudhoofika.

Mwaka wa 2017, watafiti walichapisha ushahidi kwamba baadhi ya wazazi huendelea kulisha watoto wao hata baada ya watoto hao kuanza kuogelea wenyewe, jambo lisilo la kawaida miongoni mwa pengwini. Katika bahari isiyotabirika, malezi ya ziada huweza kuwa tofauti kati ya uhai na kifo.

Jambo jingine la ajabu ni namna wanavyobadilisha manyoya. Aghalabu pengwini wa spishi nyingine hunyonyoka mara moja kwa mwaka, baada ya kumaliza kulea. Yule wa Galápagos hunyonyoka kabla ya kuzaa, na huweza kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka.

Hekima yake ni wazi. Ndege anaponyonyoka hawezi kuingia baharini, kwa hivyo hufunga kula kwa takriban wiki mbili. Akizaa kwanza na kudhoofishwa na malezi, kisha samaki watoweke wakati wa kunyonyoka, atakufa kwa njaa. Akinyonyoka kwanza, anaingia katika uzazi akiwa na vazi jipya, na mambo yakiharibika anaweza kukiacha kiota na kuokoa roho yake. Mayai mengine yatatagwa siku nyingine.

El Niño, adui mkuu

Wakenya waliokuwa watu wazima mwishoni mwa miaka ya tisini hawahitaji kuelezwa El Niño ni nini. Mvua iliyoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1998 ilibomoa barabara na madaraja, ikafurika mashamba, na ikafuatwa na mkurupuko wa homa ya Bonde la Ufa uliowaua watu na mifugo Kaskazini Mashariki mwa nchi.

Katika miezi hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, pengwini wa Galápagos walikuwa wakifa kwa njaa. Chanzo kilikuwa kimoja.

Katika miaka ya kawaida, pepo zinazovuma kutoka mashariki husukuma maji ya moto ya Pasifiki kuelekea Indonesia na Australia, nayo maji baridi hupanda juu karibu na Amerika Kusini. Wakati wa El Niño pepo hizo hulegea. Maji ya moto hurudi mashariki na kutanda juu ya bahari, mkondo wa Cromwell hudhoofika, na rutuba ya vilindini haifiki tena juu. Samaki huhama au kufa.

Sili, mijusi wa baharini na ndege wa aina nyingi huathirika. Lakini pengwini, asiyeweza kuruka wala kuhama, huathirika zaidi.

El Niño ya 1982 na 1983 iliangamiza asilimia 77 ya pengwini wa visiwa hivyo. Katika hesabu ya baada ya janga hilo walionekana chini ya 400. Walipoanza kuongezeka polepole, El Niño ya 1997 na 1998 ikaja na kuwapunguza tena kwa asilimia 65.

Isitoshe, janga hilo halichagui kwa haki. Majike, ambao miili yao ni midogo, walikufa kwa wingi kuliko madume. Idadi ya pengwini inapopungua kwa namna hiyo, madume wengi hubaki bila wenza na kasi ya kuongezeka tena hupungua.

El Niño si jambo geni. Imekuwepo kwa maelfu ya miaka, na pengwini hawa wamenusurika mara nyingi. Tatizo ni kwamba majanga makubwa yakifuatana kwa karibu, hakuna muda wa kupona katikati. Utafiti ulioongozwa na Hernán Vargas, mwanasayansi wa Ekuador, uliochapishwa mwaka wa 2007, ulikadiria kwamba iwapo El Niño itaendelea kutokea kama ilivyokuwa ikitokea katika miongo iliyotangulia, kuna uwezekano wa takriban asilimia 30 kwamba pengwini huyu atatoweka kabisa katika muda wa miaka 100.

Wamebaki wangapi?

Kuwahesabu ndege wanaojificha katika nyufa za miamba si kazi rahisi, na takwimu hutofautiana kulingana na mbinu zinazotumiwa. Katika hesabu ya mwaka wa 2020, iliyofanywa na Hifadhi ya Taifa ya Galápagos pamoja na Wakfu wa Charles Darwin, walionekana pengwini 1,940, kutoka 1,451 waliohesabiwa mwaka uliotangulia.

Ongezeko hilo lilihusishwa na maji baridi ya kipindi hicho yaliyoleta chakula kingi, na pia utulivu uliopatikana watalii walipokosa kufika kutokana na janga la Covid-19.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha pengwini huyu miongoni mwa spishi zilizo hatarini kutoweka tangu mwaka wa 2000. Makadirio yanayotumiwa katika orodha hiyo ni ya ndege wazima wapatao 1,200 pekee. Ni ndege wachache kuliko wanafunzi wa shule nyingi za upili nchini Kenya.

Utafiti mmoja wa mwaka wa 2015 ulileta tumaini ambalo wengi hawakulitarajia. Kristopher Karnauskas na wenzake walibaini kwamba eneo la maji baridi magharibi mwa visiwa hivyo lilikuwa limepanuka kuelekea kaskazini tangu mwaka wa 1982, na kwamba pengwini walikuwa wameongezeka na kuufuata upanuzi huo. Kwa hivyo ongezeko la joto duniani halijafika kila mahali kwa kiwango kimoja. Lakini watafiti hao hao walitahadharisha kwamba hali hiyo haina hakika ya kudumu.

Maadui wa zamani na wageni

Tangu jadi pengwini hawa wamekuwa na maadui. Papa huwavizia baharini, sawa na simba-bahari. Nchi kavu kuna mwewe wa Galápagos, bundi, nyoka na kaa ambao hula mayai na makinda.

Maadui hao wamekuwa sehemu ya maisha yao kwa vizazi vingi na hawakuwahi kuwamaliza. Walio hatari zaidi ni wageni walioletwa na binadamu kwa meli: panya, paka na mbwa. Paka waliogeuka kuwa wa mwituni katika kisiwa cha Isabela wamethibitishwa kuwaua pengwini wazima. Ndege anayetaga chini, asiyeruka, hana kinga dhidi ya paka.

Ugonjwa ni tishio jingine. Mbu wa aina ya Culex alifika visiwani humo katika miaka ya themanini. Mwaka wa 2009 watafiti walitangaza kwamba walikuwa wamepata vijidudu vya jamii ya vile vinavyosababisha malaria katika damu ya pengwini. Si malaria inayowapata binadamu, wala mkurupuko mkubwa haujaripotiwa, lakini historia ya visiwa vya Hawaii, ambako malaria ya ndege iliangamiza spishi nyingi za ndege wa asili, huwanyima wataalamu usingizi.

Kisha Septemba 2023, virusi vya homa ya ndege vya aina ya H5N1 vilithibitishwa kufika Galápagos, vikawaua ndege wengine wa baharini. Hifadhi ililazimika kufunga baadhi ya maeneo ya watalii na kuimarisha usafi.

Umwagikaji wa mafuta nao hauwezi kupuuzwa. Januari 2001, meli ya mafuta iitwayo Jessica ilikwama karibu na kisiwa cha San Cristóbal na kumwaga mafuta baharini. Upepo na mikondo vilisaidia kupunguza madhara, lakini tukio hilo lilionyesha jinsi ajali moja inavyoweza kuhatarisha spishi ambayo takriban wote wake wanaishi katika pwani ya visiwa viwili.

Nyavu za wavuvi pia huwanasa, na milipuko ya volkano hutokea katika makao yao yenyewe. Volkano ya Wolf kisiwani Isabela ililipuka mwaka wa 2015 na tena 2022, nayo ile ya Fernandina ikalipuka Machi 2024.

Juhudi za kuwanusuru

Ekuador ilivitangaza visiwa vya Galápagos kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1959. UNESCO iliviweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1978, na maji yanayovizunguka yakafanywa hifadhi ya bahari mwaka wa 1998. Mwaka wa 2022 serikali iliongeza eneo jingine la bahari linalolindwa, liitwalo Hermandad.

Lakini sheria peke yake haimpi ndege pa kutagia. Dee Boersma, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani ambaye amewachunguza pengwini hawa tangu mwaka wa 1970, alibaini kwamba baadhi ya viota vya zamani vilikuwa vimeporomoka, kujaa mchanga au kuvamiwa na maji. Kwa upande mwingine, maji yakipoa ghafla na samaki wakarejea, pengwini walihitaji mahali pazuri pa kutagia bila kuchelewa.

Mwaka wa 2010, Boersma na wenzake, wakishirikiana na Hifadhi ya Taifa, walijenga viota 120 kwa kutumia mawe ya volkano yaliyokuwa papo hapo. Havikuwa na saruji wala mbao. Vilikuwa mapango madogo ya kivuli, yaliyopangwa ili mzazi na makinda wawili watoshee.

Pengwini waliviona, wakavikagua na kuhamia. Katika miaka iliyofuata, takriban robo ya shughuli zote za uzazi ambazo watafiti hao walishuhudia ilifanyika ndani ya viota hivyo. El Niño haiwezi kuzuiwa kwa mawe, lakini mwaka wa neema ukija, mawe hayo huhakikisha kwamba haupotei bure.

Aidha, kampeni za kuwaondoa panya na paka zinaendelea. Mwaka wa 2023 kazi kubwa ya aina hiyo ilianza katika kisiwa cha Floreana, ambako pengwini wachache huishi.

Ndugu yake wa Afrika

Kuna sababu ya Waafrika kuifuatilia hadithi hii kwa makini. Bara hili lina pengwini wake, ndugu wa yule wa Galápagos, anayeishi katika pwani za Afrika Kusini na Namibia. Kama mwenzake, anategemea mkondo wa maji baridi, anakula sadini na dagaa, na anahitaji kivuli cha kutagia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa mamilioni. Leo jozi zinazozaana ni chini ya 10,000, na Oktoba 2024 IUCN ilimpandisha hadi daraja la walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Machi 2025, mahakama mjini Pretoria iliidhinisha makubaliano ya kuzuia uvuvi wa sadini na dagaa kuzunguka makao sita makuu ya ndege hao.

Tofauti kati ya ndugu hao wawili ni chanzo cha njaa. Wa Afrika ananyang'anywa samaki na nyavu pamoja na mabadiliko ya bahari. Wa Galápagos hunyimwa hasa na bahari yenyewe inapogeuka kuwa ya moto. La kwanza linaweza kurekebishwa kwa amri ya mahakama. La pili linategemea hewa chafu inayotolewa na viwanda na magari ya mataifa yaliyo mbali sana na visiwa hivyo, na ambayo watabiri wa hali ya anga wanahofia huenda ikazifanya El Niño kali kuwa za mara kwa mara zaidi.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Spishi ikishatoweka, hakuna maabara wala fedha ya kuirejesha. Kwa sasa, katika nyufa za Isabela na Fernandina, wazazi bado wanapeana zamu ya kuatamia mayai mawili, mmoja kivulini na mwenzake majini. Mradi mkondo wa chini unaendelea kupanda na kuwaletea samaki, wana nafasi ya kulea kinda jingine.